Mzigo wa Theluji

Nilikabidhiwa kozi kama mtu anavyokabidhiwa nyumba ya marehemu:
funguo, vumbi, na onyo nisihamishe kitu.
"Utangulizi wa Uhandisi," akasema Dakta Muthiani,
"Jumatatu saa mbili, ukumbi wa pili, wanafunzi mia na arobaini.
Wewe ni msaidizi. Saidia."

Noti zilipigwa kwa taipureta,
tumbo la kila "e" limejaa wino,
na katika ukurasa wa kumi na tisa palikuwa na paa
lililobeba theluji.
Kina cha mita moja, usiku kucha, bila upepo.
Kokotoeni mzigo.

Nje, Julai ya Nairobi ilikuwa imevaa sweta,
baridi ya kung'ata masikio, ila theluji, wapi.
Mia na arobaini wakainama, wakanakili.
Hakuna aliyeuliza.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi:
si theluji, bali kalamu zile zote
zikiparura pamoja kama kuku uani.

Chumbani kwangu Ngara, stima ikipotea na kurudi,
niliifumua kozi kama mama anavyofumua sweta ya kaka
ili amfumie mdogo wake.
Nikaling'oa paa. Mahali pake nikaweka kivuko cha mbao
kule Mukuru, juu ya Mto Ngong:
mama mmoja, mtungi wa lita ishirini kila mkono,
mtoto mgongoni, na nyuma yake mwingine,
na mwingine, alfajiri, mbao zimelowa.
Kokotoeni mzigo.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu.
Nikasema, "Jengeni." Wakauliza, "Ukurasa gani?"
Nikasema, "Kukosea si dhambi." Wakauliza, "Kuna alama ngapi?"
Kundi la Nekesa likaleta fito, na waya wa kuokota Gikomba.
Daraja lao likakatika kwa tofali la pili.
Ukumbi ukacheka hadi bawabu akachungulia.
Nikaandika ubaoni: Limekatikia wapi?
Kicheko kikafa kidogo kidogo. Wakasogea.
Nekesa akapiga magoti, kidole kwenye kiungo:
"Hapa. Fito ni nzima. Fundo ndilo lililolegea."

Siku hiyo sikufundisha kitu kingine.

Halake wa Marsabit si mtu wa maneno.
Alinisubiri mlangoni, wenzake wameshatoka.
"Kwetu walileta pampu. Ilifanya kazi miezi saba.
Ikafa washa moja ya mpira, upana wa shilingi.
Washa hiyo imo katika kozi?"
Haikuwemo.
Iliingia wiki ya sita,
nami nikaondoa sura nzima ili ipate pa kukaa.

Kisha Dakta Muthiani akaja bila taarifa,
akaketi safu ya nyuma, mkoba mapajani.
Nilingoja kufokewa. Akaondoka kimya.
Jioni akaniita ofisini, akanipa noti zake za asili,
zile zilizozaa nakala zetu zote.
"Usizitupe kabla hujazisoma."

Ukurasa wa kumi na tisa, pembeni,
kwa penseli iliyofifia kama njia ya siafu:
Theluji?? Tafuta mfano wa kwetu. Muhula ujao.
Machi, 1986.

Kumbe.
Kumbe hakuwa mkaidi. Ni mitihani ya kusahihisha,
karo ya watoto, mgomo, kamati,
muhula ujao, na ujao wa ule ujao.

Mwaka huu nina darasa jipya.
Kivuko changu nakijua kama kiganja;
naweza kukichora huku nikiangalia dirishani.
Nimefika kwenye mitungi miwili, mtoto mgongoni,
kijana wa safu ya tatu akainua mkono.

"Mwalimu, hicho kivuko hakipo.
Mto ulikibeba Aprili. Siku hizi tunazunguka."

Kalamu zikasimama.
Mkono wangu ukaenda mfukoni, ukaikuta penseli,
ukaiacha humo humo.

"Shika chaki," nikamwambia.
"Tuchoree mnakozungukia."